Mgeni wa Ngapi? Kaunta za Tovuti na Msomaji wa Kanda ya Ziwa

Kabla kurasa za mtandao hazijajaa video na matangazo, nyingi zilikuwa na kitu kimoja chini kabisa: kisanduku cheusi chenye tarakimu sita, na maneno yanayokwambia wewe ni mgeni wa ngapi tangu tovuti ifunguliwe. Mgeni wa 000001 kwa kawaida alikuwa mwenye tovuti mwenyewe, akijaribu kama kaunta inafanya kazi. Wa pili alikuwa yeye tena. Kuanzia hapo kisanduku kiliendelea kumjibu swali ambalo kila mwandishi hulala nalo: kuna mtu anayesoma?

Visanduku vile leo ni nadra kuviona, lakini kazi yake haikukoma. Ilihamia nyuma ya pazia, ikaitwa takwimu za trafiki, na fedha zikaanza kuifuata. Kasoro yake ya tangu mwanzo haijatibiwa: chombo huhesabu kinachopita mbele yake, iwe nakala ya gazeti, kompyuta, kivinjari au laini ya simu, kisha namba hiyo hutangazwa kuwa idadi ya watu. Palipo na kompyuta moja kwa mtu mmoja, kosa ni dogo. Palipo na kompyuta moja kwa mtaa mzima, kosa linaweza kumfuta msomaji kabisa. Kwa namna hiyo msomaji wa Kiswahili aliyeko nyumbani alionekana kwa miaka mingi kuwa mchache kuliko alivyokuwa, na mara nyingine akaandikwa kuwa mtu wa nchi nyingine.

Kiseke ni mahali pazuri pa kuitazama historia hiyo. Ni kata ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, kwenye njia itokayo Sabasaba kwenda Buswelu, na ndani ya kizazi kimoja mashamba yaliyokuwa katikati ya mawe yamegeuka nyumba za mfuko wa pensheni wa PPF, fremu za maduka, maduka ya vifaa vya ujenzi na vibanda vya mawakala wa fedha za simu. Sensa ya 2012 iliikuta Ilemela ina watu 343,001. Ile ya 2022 ikawakuta 509,687. Watu wanapoongezeka kwa kasi hiyo, ni halali kuuliza kama mashine zinazohesabu wasomaji zimewaona.

Nakala moja, wasomaji wengi

Kuhesabu wasomaji hakukuanza na intaneti. Wamisionari waliotoa Msimulizi huko Zanzibar mwaka 1888, na maofisa wa elimu wa Tanganyika walioanzisha Mambo Leo mwaka 1923, walijua nakala ngapi zimetoka mtamboni. Baada ya hapo gazeti lilikwenda zake. Lilisomwa na mwalimu, akalipokea mpagazi, likasomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, na mwisho likafungiwa chumvi. Mhariri alipata fununu ya wasomaji wake kwa barua tu, na anayeandika barua ni mmoja kati ya wengi wanaonyamaza.

Mwanza ina nafasi ya pekee katika habari hii. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwaka uliofuata, Tanzania kwa kushirikiana na UNESCO ilianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake Mwanza. Vitabu vya kusomea vilihusu pamba, migomba na uvuvi, mambo ambayo mwanakisomo aliyafanya kwa mikono yake kila siku. Ili waliohitimu wasisahau herufi, mwaka 1974 likazaliwa gazeti la vijijini la kanda hiyo, Elimu Haina Mwisho.

Serikali ilihesabu kwa bidii. Mtihani wa kisomo wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39, na kufikia 1986 takwimu rasmi ziliwaweka chini ya asilimia 10. Lakini mtihani ulipima nani anaweza kusoma. Nani anasoma nini, jioni, baada ya kutoka shamba, hilo halikuwa na fomu yake. Gazeti moja lililofika kijijini lingeweza kuwa na wasomaji ishirini au lisiwe na hata mmoja, na kwenye vitabu vya hesabu likabaki nakala moja.

Redio ilikuwa na njia yake. Vipindi vya salamu vya Radio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye vya Radio Free Africa ya hapa Mwanza, viliendeshwa kwa kadi: msikilizaji anajaza jina lake na orodha ya anaowasalimu, anaituma, mtangazaji anaisoma hewani. Rundo la kadi mezani lilikuwa kipimo cha kipindi. Nalo lilikuwa na udhaifu uleule, kwa kuwa lilimwonyesha mwenye uwezo wa kununua kadi na kuifikisha posta. Mvuvi wa kisiwani aliyesikiliza kipindi chote kwa redio ya jirani hakuwa na kadi.

Tarakimu zinazalishwaje

Mtandao wa kurasa ulitoka CERN, Geneva, mikononi mwa Tim Berners-Lee, na ukafunguliwa kwa walimwengu mwaka 1991. Tangu siku za mwanzo seva zilikuwa na tabia moja yenye manufaa: kila ombi linapofika, zinaandika mstari mmoja kwenye faili la kumbukumbu. Mstari huo unataja anwani iliyoomba, saa, faili lililoombwa, kama lilipatikana, na uzito wake. Takwimu zote za trafiki zilizofuata ni wajukuu wa faili hilo.

Shida ilianza pale mistari ilipohesabiwa kama wageni. Ukurasa wenye picha kumi huzalisha mistari kumi na moja, mmoja wa maandishi na kumi ya picha. Mwenye tovuti aliyejigamba kuwa na maombi elfu kumi na moja kwa siku huenda alifunguliwa kurasa elfu moja tu, na kurasa hizo zingeweza kuwa za watu mia. Stephen Turner wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyetoa programu ya Analog mwaka 1995 kwa ajili ya kuchambua mafaili hayo, aliweka onyo katika maelezo ya programu yake: seva haiwezi kujua ina wageni wangapi. Wengi waliipakua programu. Onyo lilisomwa na wachache.

Watu wa kawaida, hata hivyo, hawakuwa na seva. Walipanga nafasi ya bure kwenye huduma kama GeoCities, iliyoanza 1994, na faili la kumbukumbu lilibaki kwa mwenye nyumba. Kaunta ya picha ilikuja kuwasaidia hao. Namna ilivyofanya kazi ni rahisi kueleza. Ndani ya ukurasa kuna picha ndogo ambayo haikai pamoja na picha nyingine. Inaombwa kutoka kwenye programu iliyo kwenye seva ya mtoa kaunta. Ombi likifika, programu inafungua faili la maandishi lenye namba, inaongeza moja, inahifadhi, kisha inachora tarakimu mpya na kuzirudisha kama picha. Ukifungua ukurasa upya, inaongeza tena. Mtoto akicheza na kitufe cha kuonyesha upya, umaarufu unapanda. Na kwa kuwa namba ya kuanzia iliandikwa na mwenye tovuti, wapo waliozaliwa wakiwa na wageni elfu tano.

Pamoja na hila hizo, kaunta ya picha ilikuwa na sifa moja ambayo warithi wake hawakuwa nayo: mwandishi na msomaji waliona namba ileile.

Mwaka 1996, kaunta hizi zilipokuwa zikienea duniani, Mwanza ilipata somo zito kuhusu hesabu za watu. Tarehe 21 Mei meli ya abiria MV Bukoba, ikiwa imekaribia bandari bila kuifikia, ilizama karibu na Bwiru, na mamia ya watu wakafa. Ilipofika wakati wa kuuliza ni wangapi waliokuwemo, ilibainika kwamba kulikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili, na wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Msiba haulinganishwi na tovuti. Ila kanuni iliyojidhihirisha siku ile ni pana kuliko meli: orodha huandikwa kwa ajili ya wale ambao mfumo ulitarajia kuwaona, na pengo lake huangukia walio chini.

Kompyuta ya kukodi, dishi la kukodi

Intaneti ya kibiashara ilianza Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, CyberTwiga ikiwa miongoni mwa watoa huduma wa mwanzo. Mikoani ilifika kwa madishi ya setilaiti, VSAT, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti kafe zilikuwa zimeshakuwa sehemu ya mji. Mtu alilipia muda, akakaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la aliyetangulia, akafungua barua pepe, akapitia habari, akaondoka muda ulipokwisha.

Kwa macho ya kaunta, kafe nzima ilikuwa mtu mmoja. Kompyuta zake zote zilitoka nje kwa anwani moja ya IP, na takwimu nyingi za wakati ule zilihesabu anwani. Zile za kisasa zaidi zilitegemea vidakuzi, alama ndogo zinazoachwa kwenye kivinjari, zilizobuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994. Nazo zilikumbuka kompyuta. Wanafunzi, wafanyabiashara ya samaki na wauguzi waliopokezana kiti kimoja tangu asubuhi hadi usiku waliandikwa kuwa mgeni mmoja mwenye mapenzi makubwa na tovuti hiyo.

Kosa la pili lilihusu mahali. Anwani ya IP huandikishwa kwa aliyepewa, na dishi la Mwanza mara nyingi lilitumia anwani za kampuni ya setilaiti yenye kituo chake Ulaya au Marekani. Afrika haikuwa hata na chombo chake cha kugawa anwani hadi AfriNIC ilipotambuliwa mwaka 2005. Mtu aliyesoma habari za Ukerewe akiwa Mwanza aliweza kuingia kwenye takwimu kwa bendera ya nchi ambayo hajawahi kukanyaga.

Kosa la tatu lilimgharimu msomaji fedha. Watoa huduma wa nchi zenye mkondo mwembamba walitunza nakala za kurasa zinazoombwa mara kwa mara, ili mtu wa pili apewe nakala iliyo karibu bila kurudi setilaiti. Ni busara ya kawaida, lakini mwenye tovuti kule ng'ambo hakumwona huyo wa pili, kwa sababu ombi lake halikumfikia. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1997 Jeffrey Mogul na Paul Leach walipendekeza kanuni ya kiufundi, RFC 2227, ambayo ingeziwezesha seva za kati kutoa taarifa ya mara ambazo nakala imesomwa. Haikushika. Tovuti nyingi zilichagua njia ya mkato, zikakataza kurasa zao zisitunzwe nakala. Kaunta ya ng'ambo ikanenepa, na Mwanza mtu akakodolea macho ukurasa unaoshuka mstari kwa mstari huku muda wake ukiisha. Gharama ya kuhesabiwa ilibebwa na anayehesabiwa.

Libeneke na bendera zake

Uandishi binafsi wa Kiswahili mtandaoni ulipata msukumo mwaka 2004, Ndesanjo Macha alipoanzisha blogu ya Jikomboe akiwa Marekani. Wasomaji wa gazeti la Mwananchi walimfahamu tayari kwa safu yake ya Gumzo la Wiki. Septemba 2005, katika mkutano uliofanyika Helsinki, alimsaidia mpiga picha wa Daily News, Issa Michuzi, kufungua blogu yake. Michuzi, aliyekuja kuitwa Ankal na wasomaji wake, aliwaita wao wadau, kazi yenyewe akaiita libeneke, na baada ya muda mfupi nusu ya vijana wenye kamera nchini walitaka kuliendeleza.

Blogu ya Blogger au WordPress haikumpa mwenyewe faili la kumbukumbu, hivyo pembeni mwa kurasa pakajaa vipachiko: ramani ya ClustrMaps yenye vitone vyekundu, orodha ya Feedjit iliyotangaza kwamba mtu wa Reading amefika sasa hivi, safu za bendera zenye idadi ya kila nchi. Aliyefungua blogu ya Kiswahili alizipitia bendera kabla ya habari. Marekani, Uingereza, Oman, Uholanzi: kila moja ilisema Watanzania wako hapa pia. Kwa mtu aliyekaa Houston au Muscat, kuiona bendera ya huko ikipanda kwa sababu yake kulikuwa na ladha ya kusalimiwa redioni.

Ramani zile zilikuwa na ukweli ndani yake. Wadau wa miaka ya mwanzo walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa ughaibuni, wenye kompyuta mezani na intaneti isiyokatika. Lakini zilichanganya mambo mawili ambayo jicho haliwezi kuyatenganisha: Watanzania waliokuwa ng'ambo kweli, na Watanzania wa nyumbani waliopitia dishi la ng'ambo. Ukiongeza na wale waliobanwa kuwa mtu mmoja ndani ya kafe, unapata picha iliyopindia upande mmoja. Kiswahili cha mtandaoni kilionekana ni burudani ya diaspora.

Picha hiyo iliingia kwenye biashara. Mtangazaji wa Dar es Salaam aliyetaka kujua blogu ipi ina watu aliomba nafasi yake kwenye orodha ya Alexa, kampuni iliyoanza 1996 na kununuliwa na Amazon mwaka 1999. Alexa ilipanga tovuti za dunia kwa kuangalia nyendo za watu waliosakinisha kipachiko chake kwenye vivinjari vyao. Ni wangapi Mwanza waliokuwa nacho, ilhali kafe nyingi zilifuta kila kilichosakinishwa na mteja? Nafasi ya tovuti ya Kitanzania ilitegemea sampuli ambayo msomaji wake hakuwemo. Kwa upande wa Google, huduma yake ya matangazo, AdSense, iliyoanza 2003, ilikaa miaka mingi bila Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, na wanablogu wakawa wanaandika habari za Kiingereza za kuombea kibali, kisha wanarudi kwenye lugha ya wasomaji wao. Mwanza ilikuwa na blogu zake wakati huo, G Sengo na Binagi zikiwa kati ya zilizojulikana, na zililazimika kushindana kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mji mwingine kabisa.

Namba yaondoka mlangoni

Mwaka 1999 kijana wa Dublin mwenye umri wa miaka 16, Aodhán Cullen, alianzisha StatCounter. Mbali na tarakimu, huduma yake ilimwonyesha mwenye tovuti kila aliyeingia, alikotoka na alichofungua. Baadaye, Aprili 2005, Google ikanunua kampuni ya Urchin ya San Diego, na Novemba mwaka huo ikatoa Google Analytics bure. Walioiwahi walikuwa wengi mno. Katika siku chache tu Google ilisimamisha usajili mpya kwa muda. Mwaka 2010 Blogger nayo ikaweka takwimu ndani ya dashibodi yake, na vipachiko vya pembeni vikaanza kuondoka kimoja kimoja.

Wengi waliona ni maendeleo, na kwa usahihi yalikuwa maendeleo. Ila namba ilitoka hadharani. Msomaji hakuona tena ni mgeni wa ngapi. Mwenye tovuti aliona, na kampuni ya California ikaona zaidi yake, kwa sababu ilimfuata msomaji yuleyule kutoka tovuti moja hadi nyingine. Na mwenye tovuti hakumiliki alichokiona. GeoCities ilipofungwa Oktoba 2009, kurasa nyingi ziliokolewa na wahifadhi wa kujitolea, lakini hesabu zake zilibaki picha zilizokufa. Alexa ilizimwa tarehe 1 Mei 2022. Toleo la zamani la Google Analytics lilisimama Julai 2023, na aliyekuwa na miaka kumi ya takwimu alitakiwa kuzipakua kabla hazijafutwa.

Kutoka mashine moja kwa watu wengi hadi mtu mmoja kwa laini nyingi

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukafikisha fiba Kanda ya Ziwa. Anwani za IP zikaanza kuonekana za Tanzania. Wakati huohuo msomaji alihama kutoka kafe kwenda kwenye simu, na hapo akapotea tena. Simu ndogo za miaka hiyo zilipendelea Opera Mini, kivinjari kilichobana kurasa kwenye seva za Opera kabla ya kuzituma, ili bando lidumu. Tovuti ilizungumza na seva hizo. Mwenye simu alisimama nyuma yake. Programu za takwimu zilizotegemea msimbo wa kivinjari ziliweza kumkosa, na zilizotegemea anwani zilimhesabia Ulaya.

Simu za kupapasa zilipochukua nafasi, kosa liligeuka. Kufikia mwisho wa 2023 Tanzania ilikuwa na laini za simu zaidi ya milioni 70, ilhali sensa ya mwaka uliotangulia ilihesabu watu milioni 61.7, wakiwemo wachanga. Mkazi wa Kiseke mwenye laini mbili hufungua habari kutoka WhatsApp, kisha kutoka Facebook, kisha kwenye Chrome. Kwa takwimu ni wageni watatu. Akitumia iPhone na kurudi baada ya wiki, kidakuzi chake kimeshakwisha muda, naye ni mgeni mpya. Juu ya hapo wamo wasio watu kabisa: ripoti ya kampuni ya Imperva kuhusu mwaka 2023 ilikadiria kwamba roboti zilifanya karibu nusu ya trafiki yote ya mtandao.

Kipo pia kinyume chake, na ndicho kikubwa zaidi kwetu. Habari inanakiliwa yote na kubandikwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, la kanisa, la vikoba. Inasomwa na watu mia mbili, inasomewa bibi kwa sauti, na tovuti iliyoiandika haioni hata mmoja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na zaidi ya watu 220 kufa, habari, picha na majina vilisafiri kwa njia hiyo. Siku ile tena idadi ya waliokuwemo haikujulikana kwa hakika: kivuko kilikuwa na uwezo wa abiria 101, mkata tiketi aliripotiwa kufa, na mashine iliyotunza hesabu ikapotea majini.

Dola nayo yataka hesabu

Mwaka huo wa 2018 serikali iliingia kwenye suala hili kwa kishindo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Machi ziliwataka wenye blogu walipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 kila mwaka, na adhabu ya kukaidi ikawa faini isiyopungua milioni tano, kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Juni, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipoagiza wasiosajiliwa wasimame, jukwaa la JamiiForums lilifunga milango kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikanyamaza zisirudi. Kwa mtu mwenye blogu ya kata, hesabu ilikuwa fupi: namba zake hazikuwa zikimwingizia hata ada ya maombi. Kanuni zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa 2022, lakini waliokwisha kuacha walikuwa wameacha.

Kanuni zilezile zilizitaka intaneti kafe ziweke kamera, ziipe kila kompyuta anwani yake ya kudumu, na ziandikishe kila mtumiaji baada ya kuona kitambulisho chake. Kiufundi, hapo ndipo kosa la kafe lilipotibiwa: kwa mara ya kwanza palitakiwa daftari la kumtaja kila aliyekalia kiti. Dawa ilikuja wakati kafe zenyewe zinakufa, na daftari halikuandikwa kwa ajili ya mwandishi anayetaka kuwajua wasomaji wake. Watu walijifunza kujificha. Tangu mtandao wa Twitter ubanwe wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, VPN imekuwa kitu cha kawaida kwenye simu za vijana, na bendera za ng'ambo zimerudi kwenye takwimu: mtu yuko Kiseke, ramani inasema Uholanzi.

Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka wazi kwamba taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu hazikusanywi ovyo. Mwenye tovuti ya shule au duka aliyebandika msimbo wa takwimu bila kujua unachota nini sasa ana wajibu ambao kaunta ya tarakimu sita haikuwahi kumpa.

Namba itumike vipi

Makosa mengi yaliyopitiwa hapa yanajipanga upande mmoja. Pale chombo kilipoegemea, kiliegemea kwa mwenye kompyuta yake, kivinjari kipya, intaneti ya moja kwa moja na lugha iliyo kwenye orodha. Aliyekodi kiti, aliyebana bando, aliyesomewa, aliyepokea nakala kundini, wote walipunguzwa au walihamishiwa nchi nyingine. Kisha fedha za matangazo, lugha za huduma na hata uamuzi wa nani ni mwandishi wa maana vilifuata namba hizo, kana kwamba zimetoka sensa. Soko la Kiswahili lilionekana dogo, likawekezwa kidogo, na udogo huo ukawa ushahidi wa hesabu ya kwanza.

Hakuna kaunta ya haki itakayokuja kulifuta hilo, kwa sababu kusoma kwetu bado ni kwa pamoja. Lililo ndani ya uwezo wa mwenye tovuti ni kurudisha mkononi kilichomtoka. Faili la kumbukumbu la seva bado linaandikwa, na programu huria kama Matomo zinalichambua bila kumpelekea mtu wa tatu. Namba ya chombo kimoja, mwezi huu kwa mwezi uliopita, inasema kitu cha kuaminika kuhusu mwelekeo; ikiwekwa kando ya namba ya chombo kingine, au kando ya idadi ya wakazi wa Ilemela, haisemi lolote. Na mtangazaji anayedai takwimu ana haki ya kupewa, pamoja na maelezo ya kilichohesabiwa: ni kurasa, vivinjari au anwani, roboti zimetolewa au zimo, wanaosoma kupitia makundi wamekadiriwaje. Ripoti isiyo na maelezo hayo irudishwe kwa mwandishi wake, kama mhasibu anavyorudisha hesabu isiyo na stakabadhi.